Joto la Kiini

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Mayai ya mama mkwe yameingia kwenye mashine yangu. Kumi na manane, kila moja lina alama ya penseli aliyoichora kwa mkono wake. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kimepita kwake na kufagia banda zima. Wale kuku wekundu wa kishingo, wasio na manyoya shingoni, aliowarithi kwa mama yake. Hakubaki hata jogoo wa kumuamsha. Haya ndiyo mayai ya mwisho waliyotaga. Yakiharibika, ukoo umekwisha. Ndivyo alivyosema kwenye simu. Kisha akasema ananiamini.

Ananiamini! Mimi! Si mwanawe wa kumzaa, Mita.

Mita ni kaka wa mke wangu. Jina hilo amepewa kwa sababu hatembei bila mita ya kupimia umeme. Hata msibani alikuja nayo mfukoni. Yeye ni fundi wa mitambo ya simu, ana sare na buti. Mimi nina kibanda cha kutengeneza redio na pasi mbele ya nyumba. Sote mafundi. Tofauti ni buti.

Niieleze mashine, ili siku moja watu wasome. Boksi la mbao, zamani kabati la viatu. Betri mbili za lori, jumla volti ishirini na nne. Taa ya lori ya kutia joto. Feni ndogo ya kulisambaza, ili mayai ya juu yasiungue na ya chini yasipoe. Sasa, feni ni ya volti kumi na mbili tu. Hapo ndipo penye ujanja wangu: regulata! Kidude cha miguu mitatu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Zinaingia ishirini na nne, zinatoka kumi na mbili. Hizo nyingine zinakwenda wapi? Zinakwenda zinakokwenda. Mimi si mlinzi wao.

Nimeifunga ndani ya boksi, ubavuni mwa taa. Pana joto zuri.

Jumanne, 4 Machi

Feni inasimama. Inazunguka, inasimama, inakaa kimya, halafu inazunguka tena yenyewe. Sijaigusa. Nyaya nzima. Betri nzima. Mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu.

Nimepima joto la regulata kwa njia ninayopimia pasi. Kidole unakitia mate, unagusa. Ikilia chwii, imefika mia. Nilingoja feni isimame kwanza, maana ikizunguka inaweza kuninyofoa kidole. Nikangoja tena kidogo, kwa tahadhari. Nikagusa. Haikulia! Karatasi ya kiwanda inasema kikomo ni digrii mia moja ishirini na tano. Kwa hiyo hatari iko mbali, hata haionekani. Kidole kimebabuka, lakini nina ngozi laini tangu utotoni.

Nimewaza mchana kutwa, nikapata jibu. Feni inapumzika. Inajijua. Imefanya kazi, imechoka, inavuta pumzi, inaendelea. Wangapi kati yetu wana akili hiyo? Nitaandika kwenye kibao cha kibandani: FENI ZINAZOJITAMBUA.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu hana siri na kaka yake. Amemsimulia habari za feni. Mita kaleta ujumbe kwenye simu, na naunakili hapa kwa furaha: "Shemeji, kinachohesabika ni joto la kiini, si la ganda. Kiini kisipite 125. Ganda linadanganya."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Kiini cha yai digrii mia moja ishirini na tano! Huyo anataka vifaranga au anataka kifungua kinywa? Miaka yote ya chuo, mtu hajui kwamba yai huchemka likaiva kabla ya hapo! Na ganda linadanganya vipi? Ganda ni ganda.

Nikampelekea kinyozi wa jirani asome. Kinyozi naye alicheka vibaya, mteja wake akatoka na kisogo chenye njia mbili. Muuza mkaa akaomba asomewe. Mchana mtaa mzima ulikuwa unaulizana kiini kimefika ngapi. Kwa heshima zote nikamjibu Mita kwamba ahsante shemeji, ila sisi huku tunatotolesha, hatuchemshi.

Akajibu neno moja: "Nakuja."

Aje. Mlango uko wazi.

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja wote wawili, Mita na mama mkwe. Nilimwamkia mama kwa kuinama sana, mpaka kalamu ikaanguka kutoka mfukoni. Hakutaka kiti. Alikaa chini mbele ya boksi, akachungulia kwenye kioo. Akawa anasema na mayai kwa sauti ya chini. Nilimsikia akiyaambia yasiogope, yako kwa watu wema. Roho iliniuma kwa namna nisiyoitarajia. Amekonda tangu banda liwe tupu. Mke wangu ananiambia mama bado huamka alfajiri na kwenda kufungua mlango wa banda, kwa mazoea tu.

Na hapo hapo, feni ikasimama.

Mke wangu akaniangalia. Mita akaiangalia feni. Mama akauliza, mbona imenyamaza, baba?

Sijui maneno yalitoka wapi. Nikamweleza kwamba hata kuku anayeatamia hushuka mara moja moja, akale, anywe maji, anyooshe miguu. Mashine hii nimeifunza vivyo hivyo. Mama akafikiri. Akasema ni kweli, mama yao alikuwa anashuka, hasa jua likipanda. Akanipiga begani. Akasema Mungu amempa binti yake mume mwenye maono.

Mwenye maono! Nilimtazama Mita nione uso wake. Uso haukuonekana. Alikuwa kapiga magoti, kapeleka kidole karibu na regulata bila kuigusa. Akaniuliza taratibu inatupa wati ngapi. Nikamwambia wati ni za taa, shemeji. Akasema zile volti kumi na mbili ninazozitupa lazima zigeuke kitu, na kitu chenyewe ni joto. Akataka kufungua boksi. Nikasimama mbele ya boksi. Nikasema joto la mayai litatoka, tunywe chai kwanza.

Alikunywa chai shingo upande. Vikombe viwili. Hakuna aliyefungua boksi.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa sababu sina pengine pa kwenda na jambo hili.

Leo tumemulika mayai kwa tochi. Pazia limefungwa, mke wangu anashika yai, mimi nashika tochi. Yai zima linaonyesha mishipa myekundu kama mizizi midogo, na kitone kinachochezacheza. La kwanza, mishipa. La pili, mishipa. Tukaanza kutabasamu. Tulipofika mayai ya trei ya juu, upande wa taa, la kwanza hakuna kitu. Kivuli tu, kimekaa chini, hakichezi. La pili vivyo. Manne.

Mke wangu aliyapanga yale manne juu ya kitambaa, alama za penseli zikiangalia juu. Kisha akalia. Akasema atamwambia nini mama yake. Nikasema feni... Akasema niache feni. Akasema kaka alinionya kwamba kiini kinaungua na mimi nikamfanya kichekesho cha vinyozi.

Nikasema alizungumzia kiini cha yai.

Akasema, kiini cha kile kidude chako, wewe! Cha regulata! Ganda ni lile jeusi unaloligusa kwa mate, kiini ni kile cha ndani kinachofanya kazi. Kaka kamweleza yeye, na yeye fundi cherehani kaelewa mara ya kwanza.

Nilitoka nje. Nikakaa kibandani, nimefunga mlango. Mteja akabisha, nikasema nimefunga. Akasema lakini anasikia sauti yangu. Nikasema ni redio.

Jumanne, 11 Machi

Hesabu. Nimezifanya peke yangu kwa chaki kwenye mlango wa kibanda, upande wa ndani.

Volti zinazotupwa: kumi na mbili. Feni inavuta karibu nusu ampea, nukta nne tuseme. Zidisha: karibu wati tano. Karatasi ya kiwanda inasema regulata ikiwa tupu, bila bati la kuipoza, kila wati moja hupandisha kiini digrii sitini na tano. Nikazidisha. Nikapata thelathini na moja. Nikajumlisha joto la kibandani, ishirini na tano. Hamsini na sita! Salama! Nikapiga kofi mlango, chaki ikaanguka. Mita mwongo!

Nikaenda ndani nikamwonyesha mke wangu. Akauliza, bila kuinua macho kwenye cherehani, tano mara sitini na tano inakuwaje thelathini na moja. Nikarudi.

Nukta. Nukta ilikuwa imekaa mahali si pake. Ni mia tatu na kumi na kitu. Na si ishirini na tano ya kibandani, maana regulata haikai kibandani, inakaa ndani ya boksi kwenye thelathini na saba na nusu, ubavuni mwa taa. Jumla: mia tatu na hamsini.

Nikaketi kwenye kigoda.

Haifiki huko, nimesoma chini ya karatasi. Kiwanda kimeiwekea ulinzi: kiini kikizidi moto inajikata yenyewe, ikipoa inarudi. Kwa hiyo haikuwa inapumzika. Ilikuwa inazimia. Siku nane imekuwa ikizimia na kuzinduka mbele ya macho yangu, na mimi naisifu.

Dawa inajulikana: bati pana la kuvuta joto kutoka kwenye regulata na kulimwaga hewani. Mita ana sanduku zima la mabati hayo, yenye mapezi, ya kazini kwake. Neno moja tu na ataleta.

Nimuombe Mita? Baada ya kinyozi? Baada ya muuza mkaa? Bora niingie mwenyewe kwenye boksi nikaatamie.

Jumatano, 12 Machi

Suluhisho! Mfuniko wa sufuria kubwa. Alumini safi, mpana, mwepesi. Nimeutoboa tundu katikati na kuifunga regulata kwa nati. Katikati panatakiwa grisi nyeupe ya kupitisha joto. Sina. Nimepaka dawa ya meno, nayo ni nyeupe. Nimeuingiza mfuniko ndani ya boksi, ujikunje nyuma ya trei, mke wangu asiuone.

Feni ilizunguka asubuhi yote bila kusimama! Nilikaa mlangoni kifua mbele. Nikamwita kinyozi aje aone. Alipofika, ikasimama.

Nimeelewa baadaye. Bati linamwaga joto, lakini linalimwaga wapi? Ndani ya boksi lile lile lililojaa joto. Na dawa ya meno imekauka, inapukutika. Nikataka kuutoa mfuniko nje, lakini mke wangu alikuwa amesimama jikoni na sufuria ya wali inayotoa mvuke, anauliza kila mtu kama ameona mfuniko. Kila mtu maana yake mimi.

Basi nikapiga magoti nikaanza kuipepea regulata kwa kipande cha katoni kupitia tundu la pembeni. Nikipepea, feni inazunguka. Nikiacha, inazimia. Nimekuwa feni ya feni. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Mchana kutwa. Niliyaona yale kumi na manne kupitia kioo, na nilikuwa naona aibu mbele ya mayai. Nikayaambia, kwa kuwa hakukuwa na mtu, kwamba nisameheni, nafanya ninaloweza. Niliyasema kwa moyo. Nilimkumbuka mama mkwe akifungua mlango wa banda lisilo na kitu, nikapepea kwa nguvu zaidi.

Kabla ya jua kutua usingizi ulinichukua pale pale sakafuni, katoni mkononi.

Alhamisi, 13 Machi

Ajabu! Feni inazunguka. Nilipozinduka ilikuwa inazunguka, na leo imezunguka siku nzima bila kusita hata kidogo. Nimeigusa regulata, ni vuguvugu tu.

Nimechunguza. Regulata haiko tena ndani. Iko nje, nyuma ya boksi, imekazwa kwenye bati zito jeusi lenye mapezi, na katikati kuna grisi nyeupe ya kweli. Waya zimefungwa vizuri kwa utepe. Mfuniko uko jikoni juu ya sufuria, tundu limezibwa kwa nati.

Sikumbuki kufanya haya. Nimejiuliza sana. Lazima nilifanya nikiwa nusu usingizini. Fundi aliyekomaa huwa hivyo: akili inalala, mikono inaendelea. Bati nililitoa wapi? Kibandani pana vitu vingi.

Nimemwambia mke wangu. Alipaliwa na chai, ikabidi nimpige mgongoni. Macho yalimtoka machozi. Akasema ni kweli, nilifanya kazi nzuri sana nikiwa nimelala, na kwamba nina desturi ya kukoroma ninapofunga nati.

Halafu nikaona mita ya Mita juu ya meza. Aliisahau Jumamosi, maskini. Siku tano bila mita! Sijui anaishije. Nimemrudishia kwa mkono wa kinyozi, pamoja na salamu kwamba mambo ya kiini nimeshayamaliza mwenyewe. Kajibu kwamba anafurahi kusikia. Kinyozi anasema alionekana hajalala. Wivu huo.

Jumatatu, 24 Machi

Yametotolewa!

Alfajiri mke wangu alinitikisa, akaniambia sikiliza. Ndani ya boksi, sauti ndogo. Pii. Pii. Tukawasha tochi. Ganda moja lina ufa, na ndani ya ufa kuna mdomo unaosukuma, unapumzika, unasukuma tena. Tuliketi bega kwa bega. Alinishika mkono. Tangu yale mayai manne hakuwa amenishika mkono.

Mpaka mchana walikuwa wanane. Mpaka jioni kumi na mmoja. Matatu yalikataa. Wamelowa, wabaya, shingo tupu kama wazee wanaotoka kuoga. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Nililia na sioni haya kuandika.

Tukampigia simu mama mkwe. Akamwambia mke wangu asogeze simu kwenye boksi. Tukaisogeza. Vifaranga wakapiga kelele, naye akakaa anawasikiliza mpaka salio likatuishia.

Ijumaa, 28 Machi

Mama mkwe amekuja kuwachukua, na Mita kamsindikiza. Aliwahesabu mmoja mmoja, akawapuliza manyoya, akawaita kwa majina ya bibi zao. Alisema jike moja lina macho ya mama yake mzazi. Kisha alinishika mikono yote miwili mbele ya watu, kinyozi akiwemo, akasema nimemrudishia nyumba yake. Mita alikuwa anaangalia dari.

Kisha nilimtangazia mama zawadi. Nitamjengea mashine yake mwenyewe, ya kuweka nyumbani kwake, mara tatu ya hii. Trei sita, taa tatu, feni tatu. Regulata moja! Mbona hii imebeba feni bila kutoka jasho? Ina nguvu nyingi zinazolala bure. Na lile bati la nyuma nimeamua kuliondoa, linaongeza uzito na linaharibu sura. Mita akafungua mdomo kuuliza jambo. Nikamwambia shemeji, haya ya kiini na ganda nimeshayapita, usijisumbue na hesabu. Mke wangu akainuka ghafla akaenda jikoni.

Wakati nafunga kamba kwenye katoni ya vifaranga nilimsikia mama, nje ya mlango, akimwambia Mita kwa sauti ya chini. Kwamba siku mashine itakapoletwa achukue ruhusa kazini. Kwamba akae karibu na mimi muda wote, hatua kwa hatua, asibanduke, na asionekane anaingilia.

Niligandishwa na furaha. Mama ameona! Anataka mwanawe ajifunze kazi kutoka kwangu, na kwa ustaarabu wake hataki kumwaibisha. Nimeamua kukubali, wala sitadai chochote. Nitaanza naye taratibu, kwa vitu vyepesi, nyaya na nati, na akionyesha bidii nitamruhusu aguse regulata.